Nyenzo za Msanii na Uhakiki wa Sanaa kwa Kiswahili: Mfano wa Lubugo Mjini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyovitaja vifaa na nyenzo za msanii, kwa kutumia sanaa za Kampala kama mfano. Hoja kuu ni kwamba uhakiki wa sanaa kwa Kiswahili umerithi jozi ya fani na maudhui kutoka katika fasihi, na kwa sababu hiyo huipita nyenzo bila ya kuisoma, ilhali katika kazi nyingi za Kampala nyenzo ndiyo hoja yenyewe. Makala yanaonesha kuwa Kiswahili kina msamiati wa kutosha kwa nyenzo zilizokulia mwambao na bara la Tanzania, lakini kinakwama mbele ya lubugo, yaani nguo ya Waganda inayotokana na mti wa mutuba. Upungufu huo huhamia pia katika sanaa ya kidijitali, kwa kuwa programu za kuchorea huazima majina ya vifaa vya zamani. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kuwa utekelezaji wa sera ya Kiswahili nchini Uganda uanze na kupokea maneno ya mafundi wa nchi hiyo, na usiishie katika kuwapelekea maneno.

Maneno muhimu: nyenzo, uhakiki, lubugo, istilahi, sanaa ya kidijitali

1.0 Utangulizi

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kabla ya hapo, mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikuwa yamekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Mijadala iliyofuata imejikita katika walimu, vitabu na mitihani. Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni hili: Kiswahili kitakapoingia katika darasa la sanaa mjini Kampala, kitasema nini juu ya kilichopo mezani?

Swali hilo linaweza kuonekana dogo. Hata hivyo, mwanafunzi wa sanaa hujifunza kwanza kwa mikono: anapokea kifaa, anaambiwa jina lake, anaoneshwa matumizi yake. Lugha isiyokuwa na jina la kifaa haiwezi kufundisha kazi ya kifaa hicho. Na mhakiki asiyekuwa na jina la nyenzo hulazimika kuisifu kazi kwa maneno ya jumla. Makala haya yanachunguza pengo hilo, chanzo chake, na gharama yake kwa uhakiki na kwa sera.

2.0 Fani, Maudhui na Kilichoachwa Nje

Uhakiki wa Kiswahili ulikomaa katika fasihi. Jozi ya fani na maudhui, iliyotawala vyuo na shule tangu miaka ya 1970, ilitosheleza mahitaji ya riwaya, tamthilia na ushairi kwa sababu nyenzo ya fasihi ni lugha, na lugha tayari ilikuwa imewekwa ndani ya fani. Jozi hiyo inapohamishiwa kwenye uchongaji, uchoraji au usukaji, kitu kimoja hubaki nje. Mti una uzito, rangi hukauka kwa kasi yake, nguo huchanika. Sifa hizo zinatangulia umbo na ujumbe, na mara nyingi ndizo zinazoamua umbo lipi na ujumbe upi vinawezekana.

Mifano miwili kutoka Tanzania inathibitisha kuwa Kiswahili chenyewe hakikataa usomaji wa nyenzo. Kinyago cha Kimakonde kimezungumzwa kwa Kiswahili pamoja na mpingo wake: ugumu wa mti, weusi wa kiini, weupe wa tabaka la nje, tezo inayotangulia na patasi inayofuata. Msomaji anayesikia neno mpingo anajua tayari kwa nini kinyago kina mng'aro na kwa nini fundi hakimbilii mkato mpana. Vivyo hivyo, Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya mraba vya mbao laini za dari na rangi za mafuta za kung'aa zilizouzwa kwa ajili ya kupaka baiskeli. Rangi hiyo haichanganyiki kirahisi. Humtaka mchoraji aweke eneo moja la rangi safi kando ya lingine. Kwa hiyo mtindo unaoitwa leo Tingatinga ulizaliwa kwa kiasi kikubwa katika duka la vifaa vya ujenzi. Mhakiki anayejua hivyo hatauita mtindo huo wa kitoto. Atauona kuwa ni jibu la akili kwa rangi iliyopatikana.

Katika mifano yote miwili Kiswahili kiliweza kusoma nyenzo kwa sababu kilikuwa na maneno yake. Tatizo linaanza pale lugha inapovuka kwenda mahali ambako mafundi hawakuwa wakiyataja mambo yao kwa Kiswahili.

3.0 Lubugo na Kushindwa kwa Maelezo

Mahali hapo ni Buganda, na nyenzo inayohusika ni lubugo. Utengenezaji wa lubugo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika Orodha Wakilishi ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Kazi hii inahusishwa hasa na ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, ambao mkuu wake wa ufundi, kaboggoza, hurithi cheo hicho. Katika makaburi ya makabaka huko Kasubi, ambayo ni urithi wa dunia tangu 2001, pazia la mbugo ndilo linalotenganisha eneo la wageni na sehemu takatifu ya ndani.

Kwa Kiswahili, lubugo huelezwa kwa kawaida kuwa ni kitambaa cha gome la mti. Maelezo haya yanastahili kupimwa neno kwa neno.

Kwanza, kitambaa. Neno hili humpeleka msomaji kwenye kitanda cha mfumi, ambapo mshindio hupita kati ya nyuzi za mtande. Lubugo haufumwi. Hauna mtande wala mshindio. Una nyuzi za mti wenyewe, zilizolazwa na kutawanywa kwa kupigwa. Hivyo haukatiki wala kuchanika kama pamba. Unapolegea hufunguka kwa mwelekeo wa nyuzi zake, na fundi huuziba kwa kushona kiraka.

Pili, gome. Katika matumizi ya kawaida gome ni ganda la nje, gumu na kavu. Lubugo hautokani na ganda hilo. Fundi hulikwangua na kuliondoa kwanza, kisha hubandua ngozi ya ndani iliyo laini na yenye maji. Kazi hii hufanywa katika majira ya mvua, wakati ambapo ngozi hiyo huachana na shina kwa urahisi.

Tatu, kilichokosekana kabisa katika maelezo hayo ni kitendo. Mukomazi, fundi wa kazi hii, hulaza ngozi ya mti juu ya gogo katika kibanda kilicho wazi pande zote lakini chenye paa, ili isikauke haraka. Huipiga kwa nsaamu, nyundo za mti zenye mifereji iliyochongwa kuzunguka kichwa. Huanza na nyundo yenye mifereji mipana na kumaliza na yenye mifereji myembamba. Kadiri anavyopiga ndivyo ngozi inavyopanuka mara kadhaa ya upana wake wa awali na kulainika. Ikianikwa juani, hupata rangi ya udongo mwekundu. Shina lililobanduliwa hufungwa kwa majani ya mgomba ili lipone, na mti huohuo huweza kuvunwa tena mwaka unaofuata, kwa miaka mingi.

Maelezo ya kitambaa cha gome la mti, basi, yanakosea nomino mbili na kuacha kitenzi. Yanampa msomaji picha ya nguo duni, kama kwamba watu waliokosa pamba walijisitiri kwa maganda. Hayamwambii kuwa mti hauuawi, wala kuwa mistari midogo inayoonekana juu ya lubugo ni alama za nyundo ya mwisho, ambazo kwa jicho la mjuzi ni kama saini ya mkono.

4.0 Kusoma Kazi: Gateja na Kerunen

Madhara ya pengo hili yanaonekana wazi mbele ya kazi za sanaa. Sanaa Gateja, aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950, anajulikana kwa shanga za karatasi. Karatasi zilizokwisha kutumika hukatwa vipande vyembamba, hukunjwa kwa kuviringishwa, hugandishwa kwa gundi, kisha hutungwa na kushonewa juu ya lubugo. Uhakiki wa maudhui husema kwamba kazi hizi zinahusu utunzaji wa mazingira na matumizi ya taka. Kauli hiyo si ya uongo, ila inafaa pia kwa kikapu cha plastiki kilichookotwa. Usomaji wa nyenzo huona zaidi. Karatasi ni mti uliosagwa ukapoteza nyuzi zake ndefu. Lubugo ni mti uliopigwa ukabaki nazo. Kimoja kilitoka kiwandani kikiwa kimebeba maandishi ya watu wengine, kingine kilitoka shambani kikiwa kimebeba alama za nsaamu. Msanii anavikutanisha kwa sindano. Ni miti miwili yenye historia mbili, na uzito wa kazi umo katika kukutana huko. Bila ya kujua lubugo ni nini, mhakiki huuona kuwa ni turubai la rangi ya kahawia lililobeba shanga.

Acaye Kerunen anatoa mfano wa upande wa pili. Yeye na Collin Sekajugo waliiwakilisha Uganda katika maonesho ya Venice ya mwaka 2022, na banda lao likapata tajo maalumu la majaji. Taarifa ya majaji ilizitaja nyenzo za Kerunen kwa majina, lubugo na rafia, na kuzihesabu kuwa ni uendelevu unaotendwa. Kerunen hufanya kazi pamoja na wanawake wasukaji, na umbo la kazi zake hutokana na mafungu ya usukaji wao.

Hapa Kiswahili hakina cha kuonea haya. Mwambao una ukindu na miyaa, chane zinazopasuliwa, ukili unaosukwa na mkeka unaoshonwa kutokana na kili. Mhakiki wa Kiswahili anaweza kutofautisha kusuka na kushona, akaonesha mahali ambapo msanii ameuacha ukili bila ya kuushona ili uning'inie, na akauliza kwa nini. Usahihi wa namna hiyo ni adimu katika lugha zinazotumia neno moja kwa usukaji wa kila aina.

Ulinganisho huu unathibitisha jambo muhimu. Umaskini wa Kiswahili mbele ya sanaa ya Kampala si wa jumla. Ni umaskini wa mahali mahususi: lugha inajua kile ambacho wasemaji wake walikishika mikononi. Kwa hiyo dawa yake nayo ni mahususi.

5.0 Nyenzo za Kidijitali: Jina la Zamani katika Kifaa Kipya

Huenda mtu akadai kuwa suala hili linawahusu wahifadhi wa mila pekee, kwa kuwa vijana wa Kampala sasa huchora kwenye kompyuta kibao. Dai hilo halizingatii namna vifaa vya kidijitali vinavyopata majina. Anayefungua Photoshop, Krita au Procreate hukuta brashi, penseli, makaa, kifutio na turubai. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopo. Kuna kalamu moja, kioo na hesabu. Majina yote ni sitiari zilizochukuliwa katika karakana ya mchoraji wa Ulaya. Jamii ambayo majina ya vifaa vyake yamo katika lugha ya programu huendelea kuwa na vifaa hivyo hata baada ya kuviweka kando. Jamii ambayo majina yake hayamo hulazimika kuanza upya katika karakana ya wengine.

Kwa Kiswahili suala hili lina sura mbili. Baadhi ya maneno yamekaa vizuri: tabaka ni neno lililo tayari kwa picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, na mtumiaji haulizi maana yake. Mengine yanapotosha. Turubai kwa wasemaji wengi ni kifuniko cha lori au hema la msiba, na kibao cha kuchanganyia rangi ni maelezo ambayo hayawezi kuingia kwenye kitufe. Mfasiri wa programu anayetafuta neno la mguso wa uso wa picha, ule ukwaru au ulaini ambao brashi ya kidijitali huuiga, hapati msaada wowote katika orodha za istilahi. Mukomazi ana lugha ya jambo hilo, kwa kuwa kazi yake yote ni kutoka kwenye ukwaru kwenda kwenye ulaini kwa hatua zinazojulikana.

Aidha, nyenzo ya kidijitali si hewa tupu. Isaac Nabwana, mtengenezaji wa filamu wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, alijipatia sifa duniani kwa filamu ya *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010, iliyohaririwa katika kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika, huku silaha za maigizo zikitengenezwa kwa vyuma chakavu. Nakala ya awali ya filamu hiyo haipo tena, kwa kuwa kompyuta ilihitajika kwa kazi zilizofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya msimulizi juu yake. Kwa mhakiki wa nyenzo, habari hii ni sehemu ya kazi. Nafasi ya diski ilikuwa haba kama rangi ilivyokuwa haba kwa Tingatinga, na uhaba huo ukaamua ni umbo lipi litufikie. Mti wa mutuba ukibanduliwa huota ngozi mpya; diski ikifutwa hairudishi kitu. Tofauti hiyo inastahili kuingia katika uhakiki wa sanaa ya kidijitali, ambao mara nyingi huichukulia picha ya skrini kuwa haina mwili.

6.0 Merikani, Makerere na Deni la Lugha

Pengo linalojadiliwa lina historia, na Kiswahili si mgeni asiye na hatia ndani yake. Wafanyabiashara wa pwani walifika Buganda katika miaka ya 1840, enzi za Kabaka Suuna II, wakiwa na bidhaa ambazo kubwa mojawapo ilikuwa nguo ya pamba. Jina la nguo hiyo kwa Kiswahili, merikani, bado linakumbukwa. Kuenea kwa pamba ndiko kulikopunguza uvaaji wa lubugo hadi ukabaki zaidi katika mazishi, matambiko na sherehe za kifalme. Kwa maneno mengine, Kiswahili kiliingia Buganda pamoja na nguo iliyoiondoa nguo ya wenyeji.

Hata hivyo, katika safari hizohizo lugha iliwahi kulipokea neno. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu safari ya kutafuta chanzo cha Nile, aliiita nguo ya Waganda mbugu, jina lililo karibu kabisa na embugo, wingi wa olubugo kwa Kiganda. Neno lilikuwa tayari limo njiani, katika mazungumzo ya msafara. Lilichokosa ni makazi.

Nafasi ya pili ilipatikana Makerere. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa huko mwaka 1937, na kati ya wanafunzi wa mwanzo walikuwamo Gregory Maloba wa Kenya na Sam Ntiro wa Tanganyika. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walichapisha *Tribal Crafts of Uganda*, kitabu kilichoorodhesha kazi za mikono za jamii za nchi hiyo. Wakati huohuo, kuanzia 1952 hadi 1962, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere. Kwa miaka kumi kilima kimoja kilikuwa na waliokusanya vifaa vya mafundi na waliosanifu lugha ya kanda. Maneno kama nsaamu na mukomazi hayakuvuka ua uliokuwa baina yao.

Ua huo ulikuwa wa kifikra. Jina la shule aliyoiasisi Trowell linataja kando sanaa za viwanda na sanaa za uzuri, mgawanyo uliotoka Ulaya. Kiswahili hakina sababu ya kuubeba. Neno sanaa lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ya msingi ni kazi ya ufundi; neno fundi nalo hutumika kwa mchongaji wa mlango, mshonaji na seremala bila ya kuwashusha. Lugha iliyo na maneno hayo inaweza kumtaja mukomazi na Gateja katika sentensi moja bila ya kuomba radhi.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Sera ya Kiswahili nchini Uganda inatekelezwa katika mazingira yenye kumbukumbu nzito. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani Kiswahili kuwa lugha rasmi katika Buganda. Tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikuondoa mashaka hayo, kwa kuwa wananchi wengi walikihusisha na jeshi. Lugha inayokuja mara hii kwa njia ya shule haiwezi kupuuza kwamba, kwa Waganda wengi, kila mara ilikuja ikileta kitu na kuondoa kingine. Njia mojawapo ya kubadilisha uhusiano huo ni lugha yenyewe kuwa mpokeaji.

Upokeaji huo hauhitaji kanuni mpya. Utaratibu wa kuunda istilahi unaofahamika, unaoziweka lugha za Kibantu mbele ya lugha za kigeni, ndio unaotajwa kila linapoelezwa neno bunge lililotoka Kiha, au ngeli lililotoka Kihaya, jirani wa karibu wa Kiganda. Kisarufi njia ni nyeupe. Olubugo na wingi wake embugo vinaingia bila ya shida katika ngeli ya ubao na mbao: ubugo, mbugo. Omutuba ni mtuba, mituba. Kitenzi okukomaga kinakuwa kukomaga, na mtendaji wake ni mkomazi. Kwa mifano hii mhakiki anaweza kuandika kwamba msanii ameshona shanga juu ya ubugo uliokomagwa kwa nsamu nyembamba, na sentensi hiyo ikabeba habari ambayo kitambaa cha gome la mti hakiwezi kuibeba.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, Baraza la Taifa la Kiswahili la Uganda, ambalo Baraza la Mawaziri liliridhia kuundwa kwake mwaka 2019, lishirikiane na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kukusanya istilahi za nyenzo katika karakana zenyewe, mafundi wakiwa washauri wenye kauli ya mwisho kuhusu maana. Kazi hiyo isiishie kwa Kiganda. Vyungu, vikapu na ala za muziki za kaskazini na magharibi mwa Uganda zina majina yanayongoja. Pili, Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala kioanishe somo la Sanaa na Usanifu na somo la Kiswahili katika sekondari ya chini, ili mwanafunzi akutane na jina la kifaa katika wiki anayokishika. Tatu, maelezo ya kazi katika makumbusho na majumba ya sanaa yaandikwe kwa Kiswahili yakitaja nyenzo, namna ilivyotayarishwa na nani aliyeitayarisha, hata kama jina lake si lile lililo kwenye saini ya kazi.

Pendekezo la mwisho linawahusu wahakiki wenyewe. Fani na maudhui zitaendelea kufaa, ila mbele ya sanaa za mikono na za skrini zinahitaji nguzo ya tatu. Anayeandika juu ya kazi ya Kampala na aanze kwa kuuliza imetengenezwa kwa nini, kwa kifaa gani, na kilipatikanaje. Majibu ya maswali hayo yako hai leo, katika vibanda vya wakomazi na karakana za wasanii. Kila mwaka wa kuchelewa kuyauliza kwa Kiswahili unaongeza idadi ya maneno yatakayotafutwa katika makumbusho, ilhali sasa yangali yakisikika pamoja na mapigo ya nyundo.